Kitabu kilichonifanya nimtazame dada wa kazi

SEHEMU YA 1



Mmezoea kuniona hapa nikiongelea chanjo, homa za usiku na mtoto anayekataa kula. Wiki hii mnivumilie, naongelea vitabu. Usiondoke kwanza. Siongelei vitabu vya shule vya watoto. Naongelea vitabu vyetu sisi watu wazima, hivi tunavyosema kila siku kwamba hatuna muda navyo. Na ndani yake kuna jambo moja la nyumbani kwangu ambalo nimeona aibu kulisema kwa muda mrefu. Nitalifikia.

Kwanza nikiri. Mimi ni nesi, mwaka wa kumi na moja huu kazini, wodi ya wazazi, hapa hapa Moshi. Tangu nimalize chuo sikuwa nimesoma kitabu hata kimoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Miongozo ya kazi nimesoma. Jumbe za magrupu nimesoma, tena saa nane za usiku. Kitabu, hapana.

Na mimi ndiye yule mtoto wa Kibosho aliyekuwa anasoma mpaka gazeti lililofungiwa nyama. Mama ananiita nikakate majani ya ng'ombe, mimi nimejificha nyuma ya mgomba na kitabu cha Tujifunze Lugha Yetu ambacho nimeshakimaliza mara tatu.

Sasa ilikuwaje nikaacha? Nadhani ilikuwa vile vile ilivyokuwa kwako. Kidato cha tatu na cha nne. Unaikumbuka ile orodha? Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu. Kwenye tamthiliya kuna Orodha, Kilio Chetu, Ngoswe. Vitabu vizuri kabisa. Lakini sisi tulivisoma kuwinda hoja. Hoja tatu kila kitabu, dhamira, migogoro, tamathali za semi. Wengine wala hatukugusa kitabu chenyewe. Tulisoma uchambuzi wa kurasa nne uliotolewa kopi mpaka maandishi yamefifia, tukakariri wahusika kama tulivyokuja kukariri mifupa ya mkono chuoni. Mtihani ulipoisha, na vitabu vikaisha.

Kesho nawaambia nani alinirudisha. Hakuwa mwalimu. Alikuwa mzazi wangu wodini, tena mwenye mtoto njiti kifuani.

SEHEMU YA 2

Nimebadilisha mambo madogo madogo ili mama huyu asitambulike.

Wale mnaofuatilia hapa mnajua habari ya huduma ya kangaroo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo anawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, anafungwa vizuri na kitenge, na joto la mama linafanya kazi ambayo hakuna blanketi linaloiweza. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mara tu baada ya kuzaliwa, na iwe saa 8 hadi 24 kwa siku. Sasa hebu fikiria kukaa saa zote hizo na mtoto kifuani. Huwezi kupika, huwezi kufua, huwezi kulalia tumbo. Simu inaisha chaji. Unabaki wewe na dari.

Zamu moja ya usiku napita kuangalia joto la watoto, nasikia mtu anasoma kwa sauti ya chini. Nikadhani anasali. Nikasogea. Mama mdogo tu, mtoto wake wa kwanza, gramu 1,500, ametoka Rombo. Mkononi ana kitabu kisicho na jalada.

Nikamuuliza, "Mama, unasoma nini saa hizi?"

"Takadini, Sista. Ni cha mdogo wangu, amekiacha hapa aliponiletea uji. Namsomea mtoto asikie sauti yangu. Na mimi nisipitiwe na usingizi."

Nikamsifu, kwa sababu ni kweli. Mtoto anaanza kusikia akiwa bado tumboni, na akizaliwa sauti anayoifahamu kuliko zote ni ya mama yake. Haelewi maneno, lakini anaijua sauti. Ukimsomea Biblia, ukimsomea gazeti, ukimsomea maelezo ya kwenye kopo la maziwa, kwake yote ni mama.

Halafu akaniuliza, "Wewe umekisoma hiki, Sista?"

"Ah, mbona sana. Form Four."

"Kinaishaje?"

Jamani. Nilisimama pale na kipimajoto mkononi. Mimi niliyepata B ya Kiswahili! Ningeweza kumpa nafasi ya mwanamke katika jamii, mila potofu, umuhimu wa elimu, hoja zote zimejipanga. Lakini kitabu kinaishaje, sikumbuki. Na nilijua kwa nini sikumbuki. Sikuwahi kufika huko.

Alivyoruhusiwa, aliniachia kitabu hata yeye hajakimaliza. Akasema, "Soma, Sista. Nikija kliniki utanirudishia."

SEHEMU YA 3

Nilikisoma zamu mbili na nusu. Nisieleweke vibaya, wagonjwa walihudumiwa. Zile dakika ambazo huwa napoteza kupandisha na kushusha kidole kwenye simu ndizo nilizosomea.

Takadini ni hadithi ya Ben Hanson, mambo yanatokea Zimbabwe ya zamani. Mwanamke anaitwa Sekai amekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto. Mwisho anajifungua. Mtoto ana ualbino. Kwa mila za kijiji chao, mtoto wa aina hiyo haishi. Sekai anamfunga mtoto mgongoni na kukimbia.

Nikiwa na miaka kumi na saba niliandika kwamba Sekai "anawakilisha wanawake jasiri". Alama mbili. Sasa nina watoto wawili na nimepokea watoto wa watu sijui wangapi kwa mikono hii, na kitu nilichokiona ni kingine kabisa. Niliona mwanamke aliyejifungua juzi, bado anatoka damu, maziwa ndiyo kwanza yanashuka, anatembea porini. Hakuna mtu aliyeniambia hilo darasani. Na mwandishi alikuwa ameliweka pale muda wote.

Halafu nikakumbuka. Miaka kama mitano iliyopita nilizalisha mama mmoja, mtoto akatoka mzima, analia vizuri, ana ualbino. Chumba kikawa kimya. Mama akamtazama, akanitazama, akasema taratibu, "Nikifika naye nyumbani watasemaje?"

Mimi nikamjibu kuhusu jua. Nikamweleza kofia pana, mikono mirefu, macho yapimwe mapema. Nikamwambia kuna mafuta ya kuzuia jua, Kilisun, yaliyoanza kutengenezwa hapa hapa Moshi kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC. Yote sahihi. Ukizaa mtoto mwenye ualbino leo nitakuambia hayo hayo. Lakini yeye hakuniuliza habari za jua. Aliniuliza habari za watu. Mama mkwe, mume, majirani, na yale mambo ya kutisha tuliyokuwa tukiyasikia redioni. Nilisikia swali la Sekai na nikalijibu kama fomu.

Siku hizi nikipata mzazi wa namna hiyo, nakaa kwanza. Nauliza, nyumbani kuna nani? Unamwogopa nani? Ndiyo twende kwenye kofia.

Mama wa Rombo alirudi kliniki, mtoto ana kilo tatu na ushee, mashavu hayo! Akaniuliza tena, "Haya Sista, kinaishaje?" Nikampa kitabu chake. Nikamwambia, "Kasome mwenyewe."

SEHEMU YA 4

Baada ya hapo nikawa kama mtu aliyefungulia bomba. Nikauliza kwenye grupu la tuliosoma pamoja, nani ana kitabu kizuri. Mmoja yuko Dar akasema, "Wewe si unapenda habari za watoto, soma Peponi." Akanitumia kwa basi, nikakichukua stendi pamoja na boksi la dagaa.

Kwa wasiojua. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake ya Paradise ilitoka Uingereza mwaka 1994. Kwa Kiswahili tumeipata mwaka 2022, ikaitwa Peponi, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapwa na Mkuki na Nyota. Yaani hadithi inayotokea kwetu tumeisubiri kwa lugha yetu miaka 28.

Maoni yangu ya kweli: mwanzo unakushika, safari ya katikati ni ndefu, kuna mahali nilichoka na wapagazi wenyewe. Kuna maneno ya Kizanzibari ilibidi nimuulize nesi mwenzangu mtu wa Tanga. Lakini kuna sehemu nzima inatokea kwenye mji mdogo chini ya mlima, na mimi mtu wa Moshi nikajikuta nainua macho dirishani kuutafuta Kibo kwenye mawingu. Kinastahili. Usikate tamaa katikati.

Hadithi inamhusu Yusuf, mtoto wa miaka 12. Anampenda sana Mjomba Aziz, tajiri anayekuja kuwatembelea na kumpa sarafu akiondoka. Siku moja anaambiwa atasafiri na Mjomba. Anafurahi. Kumbe baba yake ana deni, na yeye ndiye rehani. Anafika pwani, anawekwa dukani, na kijana anayemkuta pale, Khalil, ambaye naye yupo kwa deni la baba yake, anamkaripia kila akisema Mjomba. Huyu si mjomba wako.

Ilikuwa Jumapili mchana. Niko kwenye kochi, miguu juu, nimefika hapo. Dada wa kazi anapiga pasi sare za watoto. Mdogo wangu wa mwisho anaita toka uani, "Dada! Dada!" Akaitika, "Abee." Halafu akanigeukia, akasema, "Anti, nikuletee chai?"

Anti.

Nikaweka kitabu chini. Mimi ni shangazi yake kwa nani?

SEHEMU YA 5

Hii ndiyo sehemu ya aibu.

Binti huyu aliletwa kwangu miaka miwili nyuma na mtu anayefahamiana na mtu. Ametoka mkoa mwingine, kijijini. Mama yake alikuwa ameugua, baba akakopa hela ya matibabu. Mpango ulikuwa mshahara nimtumie baba kwenye simu kila mwezi, alipe deni. Nikafanya hivyo kwa uaminifu, sikuchelewesha hata mwezi mmoja. Nikajiona mwajiri mzuri. Hatumpigi, anakula tunachokula, ana kitanda chake, nguo za sikukuu namnunulia.

Ila mshahara wake hakuwahi kuushika mkononi. Miaka miwili. Deni lilikuwa la baba, mlipaji alikuwa yeye, na mimi nilikuwa duka.

Tena sikiliza hili. Wodini najua mimba ya kila mama ina wiki ngapi na siku ngapi. Huyu binti anayelala chumba kimoja na wanangu, umri wake nilikuwa nakadiria.

Nikamwambia akae. Akaogopa. Akasema, "Anti, nimekosa nini?" Hilo nalo liliniuma, kwamba kuambiwa tu "kaa" ni dalili ya kufukuzwa. Nikamuuliza ana miaka mingapi. Kumi na saba. Shule uliishia wapi? Kidato cha pili. Najua ada ilishaondolewa tangu 2016, lakini mama akiwa kitandani, mtoto wa kike mkubwa ndiye anayebaki nyumbani. Mwajua wenyewe. Nikauliza, unapenda kusoma? Akatazama chini, akasema huwa anasoma vitabu vya watoto wakishalala. Vyote ameshavimaliza.

Nikampa Peponi.

Akakisoma haraka kuliko mimi. Tukawa tunaongea jioni tukichambua mchele, na hapo ndipo nilipojua maana ya kuwa na maoni juu ya kitabu. Mimi nilikuwa nimemhurumia sana mama yake Yusuf, kwa sababu anajua mtoto anakwenda wapi na hana la kufanya. Nikasema hivyo. Binti akanyamaza kidogo, akasema, "Mimi simhurumii sana, Anti. Alijua." Nikajaribu kumtetea yule mama, kwamba zamani mwanamke hakuwa na sauti. Akasema, "Hata wa kwangu alilia."

Hakusema kwa hasira. Aliendelea kuchambua mchele.

Sikuwa na hoja hata moja.

Naomba nisikudanganye kwamba tukakumbatiana na mambo yakaisha. Yaliyofanyika ni haya. Nilimpigia baba yake, mazungumzo hayakuwa mepesi, akakubali. Mshahara sasa anapewa mwenyewe, na tumeandikiana mkataba. Ukumbuke dada wa kazi kisheria ni mfanyakazi kama mimi na wewe, serikali ikitangaza kima cha chini wamo, na chama kinachowatetea kipo, kinaitwa CHODAWU. Mwezi wa kwanza hela yote aliituma nyumbani. Nikataka kumkataza, nikajizuia. Ni yake. Mwezi wa pili alibakiza kidogo akanunua viatu Memorial, vyekundu, visigino virefu, havina kazi yoyote nyumbani kwangu. Navyo ni vyake.

Na ameanza masomo ya jioni, anajiandaa na mtihani wa QT. Kwa hiyo siku tatu kwa wiki nabadilishana zamu, na baba watoto anaosha vyombo. Siku nyingine haviosheki. Ukija kwangu Jumanne usichungulie jikoni.

SEHEMU YA 6

Kabla sijamalizia, kuna walioniuliza nisome nini na mimi, nina watoto, sina muda. Haya ni ya kwangu, hayajapimwa maabara.

Ukinyonyesha una mkono mmoja huru. Weka kitabu chembamba pale unaponyonyeshea, simu iweke mbali. Ukisoma kurasa tano tu kila siku, kwa mwezi ni kurasa 150, na hicho ni kitabu kizima.

Hela si kisingizio sana. Maktaba ya Mkoa ipo hapa mjini, wengi tunaipita tu na bajaji. Chukua mtoto Jumamosi, mkakae humo saa moja.

Watoto wangu, wa miaka minane na mitano, nimewasomea Mwana Mdogo wa Mfalme. Ni kitabu cha rubani wa Kifaransa, Antoine de Saint-Exupéry, cha mwaka 1943, na tafsiri ya Kiswahili ipo. Mkubwa amekipenda. Mdogo alielewa mahali pamoja tu, pale rubani anapochora boksi na kusema kondoo yumo ndani. Wiki nzima nyumba imejaa maboksi yenye kondoo. Kwa mtoto chini ya miaka saba kina maneno mengi, ruka ruka.

Kwa anayesoma Kiingereza, kuna Parched Earth ya Elieshi Lema, ilitoka 2001. Mwandishi ni mtoto wa hapa Kilimanjaro. Inasimuliwa na mwalimu wa kike, Doreen, aliyelelewa na mama peke yake. Inakwenda polepole na mimi niliisoma polepole. Kama umewahi kuolewa ukabaki mpweke ndani ya nyumba yenye watu, itakusema.

Na kama unataka mapenzi na siasa na utamu wa lugha, Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Waliosoma Form Six wanaijua. Warudie sasa bila mtihani, wataona ni kitabu kingine.

Jambo la mwisho: ukimsomea mtoto hadithi, usimuulize "tumejifunza nini?" kabla hata hujafunga kitabu. Ngoja. Akiwa na la kusema atalisema, pengine kesho yake akiwa anaoga.

SEHEMU YA 7, ya mwisho

Desemba tulipanda mlimani kama kawaida ya Wachaga, kwenda kuhesabiwa. Kwao mume wangu ni Marangu. Mvua, matope, ndizi, moshi wa jikoni, watoto wa ndugu kila kona.

Usiku wa tarehe 26 baba mkwe aliniona na kitabu, akafurahi mpaka nikashangaa. Akaenda kabatini, akatoka na kitabu chake: Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, cha Mangi Petro Itosi Marealle. Kiliandikwa kwa Kiswahili na kutoka mara ya kwanza mwaka 1947. Hiki chake ni cha toleo la baadaye. Miaka yote naingia nyumba ile, naosha vyombo pale, sijawahi kufungua lile kabati.

Akataka tusome pamoja, lakini miwani yake imevunjika mguu mmoja, inateleza. Mume wangu akasoma kidogo, akachoka. Watoto wakakataa. Mama mkwe akiwa pembeni ya moto akasema, "Mpeni yule binti asome. Mimi macho yangu yameingia ukungu." (Ni mtoto wa jicho. Nimeshamwandikia miadi, anakataa kushuka mjini.)

Basi binti akasoma. Anasoma vizuri, hana haraka, kwenye maneno ya Kichaga anakwama na wazee wanacheka na kumsahihisha. Ikazuka mada ya mzazi, namna zamani mwanamke akijifungua alivyokuwa anawekwa ndani miezi mitatu, anakula mtori na mlaso, hagusi jembe. Mimi nesi nikasifia, kwamba mapumziko yale wazazi wa leo wangeyapata tungeokoa mengi. Ila mlaso nikaupinga, damu mbichi hapana. Baba mkwe akanijibu yeye amelelewa na mama aliyekunywa mlaso na ana miaka themanini na moja. Tukabishana vizuri tu.

Mama mkwe akasikiliza, halafu akasema, "Mzazi alipumzika kwa sababu kulikuwa na mtoto wa kike wa kubeba kazi zake." Akatueleza kwamba yeye alitolewa darasa la nne akapelekwa Mwika kwa shangazi yake aliyejifungua, akalee mtoto kwa muda mfupi. Alilea watoto watatu. Shule haikurudi tena. Mume wangu ana miaka arobaini na mbili, na alikuwa anaisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Kisha akamgeukia binti. "Na wewe, jina lako nani?"

Binti huyu tumepanda naye mlima Desemba mbili zilizotangulia. Amembebea mama mkwe maji, amemkandia kiuno. Na hakuna mtu aliyewahi kumwambia bibi jina lake, kwa sababu nyumbani kwangu aliitwa Dada, basi. Watoto walimwita Dada, mimi nilimwita Dada, na mgeni akija namtambulisha, "Huyu ni dada."

Akalitaja. Bibi akalirudia mara mbili, akalitamka kwa lafudhi yake ya Kichaga. Akamwambia, endelea kusoma.

Silitaji hapa, ni lake. Ila kwetu sasa tunamwita kwa jina, na mdogo wangu wa mwisho bado anasahau, anaita "Dada!" kisha anajirekebisha.

Wewe uliyenifuata mpaka hapa, nina maswali mawili, na hutakiwi kunijibu mimi. La kwanza, kitabu gani ulikikariri bila kukisoma? Kitafute. La pili, huyo anayekupikia uji wa mtoto asubuhi ukiwahi gari, unajua ana miaka mingapi?

Wiki ijayo narudi kwenye mafua na pua zilizoziba. Usiku mwema.